Kitambaa cha Manjano Kwenye Roshani ya Montego

Kengele ile ya kiwanja cha ndege cha Montego ilikuwa ya mkono, kama ya shule yetu ya Riruta, na mlio wake ulikuwa huo huo: nga, nga, nga, halafu kimya kidogo, halafu nga moja ya mwisho kana kwamba mpigaji amekumbuka jambo. Mpaka leo nikiisikia ya shule asubuhi, mkono wangu unasimama hewani na kikombe.

Kila Jumapili baada ya ibada mnaniuliza, "Nafula, hebu tuambie, huko Jamaika kulikuwaje?" Nami nawacheka, nawaambia kulikuwa na jua. Sasa nimeketi niandike, kwa sababu kuna jambo moja ambalo mdomo wangu hauwezi kulitamka mbele ya kwaya nzima.

Kabiria hadi mjini

Bibi Koni mnamjua. Lakini dada zangu wa Bungoma watakaosoma barua hii hawamjui, basi nieleze. Alikuwa mama mzee mweusi kama sisi, aliyeletwa na mumewe kutoka Jamaika miaka thelathini na mmoja iliyopita. Mumewe alifundisha useremala misheni, akafa, akazikwa hapa. Bibi akabaki Kabiria katika nyumba ile ya mabati mekundu, akifundisha wasichana kushona. Majirani hawakumwelewa kamwe. "Mwafrika gani huyu asiye na kwao?" walinong'ona. Mimi nilienda kwake kujifunza pindo nikiwa na miaka kumi na minne. Mama yangu aliporudi Bungoma, Bibi akasema, "Wewe kaa hapa, mtoto yangu. Hii kitanda iko na nafasi." Kiswahili chake kilikuwa hivyo hivyo, cha kujiokotea. Nikakaa miaka mitano.

Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho pamoja na ugonjwa mwingine nyuma yake, na kwamba kabla ya mwaka kuisha hataona kitu. Bibi hakulia. Alisema tu, "Basi nataka kuona uso ya Aivi kwanza." Aivi ni mdogo wake. Watu wa misheni wakafanya mipango, nami nikachaguliwa kumshika mkono njia nzima na kumkabidhi kwa Aivi, mkono kwa mkono.

Siku mbili kabla ya safari tulishuka mjini kwa basi la Ngong Road. Bibi alitaka leso ya manjano, na si rangi nyingine. "Siku ile mimi naondoka na meli," aliniambia, "Aivi alisimama gatini na kitambaa ya manjano ya kichwa. Alipunga mpaka mimi sioni tena watu, naona manjano tu."

Kule mtaa wa nguo tulimpata mzee mmoja wa Mombasa, kofia nyeupe, ameketi juu ya majora yake.

"Karibuni. Leso ya nani, mama? Ya bibi harusi?"

"Ya dada yangu. Jamaika."

"Jamaika!" Mzee akamtazama muuzaji wa duka la pili. "Sikia, Jamaika! Ni upande gani wa Maka?"

"Upande wa nyuma kabisa," Bibi akamjibu, na mzee akacheka hadi akashika tumbo. Alitoa doti nzuri ya manjano, pindo jeusi. Alipochukua mkasi kuitenganisha, Bibi akamzuia mkono. "Usikate. Nitakata nikimpata. Mmoja yake, mmoja yangu."

"Maneno mazuri hayo, dada," mzee akasema taratibu, akaikunja nzima nzima, akatuongezea kipande cha halua ndani ya karatasi.

Siku ya kuondoka, kizuizi cha askari pale Ngong Road kilitusimamisha. Mnajua mambo ya miaka hii ya hali ya hatari. Askari akafungua sanduku, akaona nguo za kizee na cherehani ndogo ya mkono.

"Mnahamia wapi?"

"Jamaika, afande," nikasema.

"Hiyo iko karibu na Kakamega?"

"Mbele kidogo, afande."

"Basi msalimie shemeji yangu kule," akasema, akatuachilia. Nilicheka mpaka kiwanja cha ndege cha Isilii. Bibi hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo kutazama nyuma, ingawa kwa macho yale najua hakuona hata mti.

Isilii hadi London

Ndege nilikuwa nimeiota tangu darasa la nne. Nilidhani ndani yake mtu anahisi kama malaika. Kumbe mtu anahisi kama yumo ndani ya kinu, na mapanga ya injini yanatwanga masikioni. Tulitua Entebe, tukatua Khartoum mahali penye joto la kutoa machozi, tukapewa chai nyeusi na biskuti mbili. Huko angani niliwekewa kipande laini cha rangi ya njano ndani ya karatasi. Nikakihifadhi nikidhani ni sabuni. Nilipokitoa Roma ninawe nacho, kilikuwa jibini na kilikuwa kimechoka sana. Bibi alicheka safari hiyo, akanambia nisimwambie mtu. Samahani, Bibi.

London tulilala usiku mmoja. Nakumbuka mvuke wa supu, na mama mmoja mfagiaji aliyeniita "mpenzi" bila kunitazama. Hayo ndiyo yote niliyoyapata London.

Bermuda, siku mbili zisizokuwa kwenye mpango

Tulivuka bahari tukashuka kisiwa kidogo cha Bermuda kwa saa moja, wakasema. Injini moja ikagoma. Saa moja ikawa siku mbili.

Hapo ndipo upweke ulinipata sawasawa. Wapishi, wabeba mizigo, wauza matunda, wote walikuwa watu wenye sura ya shangazi zangu. Mmoja alikuwa Rispa wa sauti ya tatu mtupu, hata pengo la meno. Nikamkimbilia nikicheka, naye akaniambia kitu kirefu chenye furaha, na sikushika hata neno moja. Kiingereza changu ni cha darasa la sita na cha kununua uzi. Nikatabasamu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikatabasamu tena. Mwishowe akanipa chungwa, akaenda zake. Rafiki zangu, kuwa mgeni kwa Mzungu nimezoea. Kuwa mgeni kwa uso wa Rispa ni jambo jingine.

Bibi naye alihesabu siku kwa vidole. Barua ya mwisho ya Aivi ilisema hivi tu: "Nitakuwa Montego kwenye kiwanja cha ndege siku hiyo." Siku hiyo ilikuwa imekwisha kupita tukiwa Bermuda.

"Atangoja," nikasema.

"Aivi hajui kungoja," Bibi akasema. "Utotoni alikuwa anakula mkate kabla haijaiva."

Montego, ukumbini

Tulitua jua likizama. Hiki si kiwanja kikubwa cha mji mkuu wao. Hiki ni cha pili, upande wa kaskazini, kando ya bahari, njia moja ya ndege na nyumba moja ndefu nyeupe. Wazungu wa hoteli walishuka mbele yetu wamevaa kofia za ukindu, wakapigiwa gitaa, wakapewa vinywaji, wakabebwa na magari. Baada ya dakika chache tukabaki wawili na sanduku.

Bwana mmoja mwenye sare alisoma karatasi za Bibi, akatuonyesha benchi. "Keti hapa mpaka mtu wako aje akuchukue."

Bibi akaketi. Mnamjua Bibi: mtu mwenye sare akimwambia kaa, anakaa. Hakuna aliyekuja. Bwana yule akaeleza polepole, kwa huruma, kwamba mvua kubwa imekata barabara ya milimani, na posta ambako barua za Aivi hutoka iko huko huko. Hakuna gari linaloshuka. Ndege inayorudi Uingereza ingepita siku ya tatu, saa kumi alasiri, na nafasi yangu ya kurudi ilikuwa humo. Kama mama huyu hana wa kumpokea, akasema, atapatiwa kiti arudi nami.

Tulilala nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. Asubuhi Bibi akarudi benchini, mgongo wima, doti ya leso magotini. Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Kila mlango ulipofunguka aliinua kidevu.

"Ni nani?"

"Mzungu na mipira ya kuchezea."

"Sasa?"

"Mfagiaji."

Asubuhi ya siku ya tatu akasema, "Nafula. Nikimkosa Aivi, hapa mimi sina mtu. Sitaki kufa kwa nyumba ya wageni. Nitarudi na wewe."

Nikasema, "Pole sana, Bibi." Nikamshika bega. Lakini moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipiga makofi. Nikaliona birika letu. Nikaona vitanda viwili na taa katikati. Nilikuwa nimekuja njia yote nikijiuliza nitawezaje kuishi ndani ya nyumba ile peke yangu, na sasa sikuhitaji tena kujiuliza.

Roshani

Saa nane mchana nilitoka nimtafutie Bibi chakula. Nyuma ya nyumba ile ndefu niliona ngazi ya mbao, na juu yake kelele kama za soko. Nikapanda.

Kumbe kiwanja kilikuwa na maisha mengine kichwani mwake. Juu kulikuwa na roshani yenye vizuizi vya mbao, na watu wamejaa: akina mama wa kofia, wazee wa kanisani, watoto wachanga migongoni. Mama mmoja mnene, Misi Meri, aliuza samaki wa kukaanga na mkate wa muhogo kutoka kwenye kapu, na matunda ya shelisheli yaliyochomwa mpaka yakawa meusi. Nilipomwambia natoka Afrika, aliweka kapu chini.

"Afrika? Kweli kweli?" Akanigusa mkono kana kwamba atapata joto la kule. "Basi nitasema polepole, mwanangu."

Na kweli alisema polepole, nami nikaelewa. Ndege zinaleta wageni wa hoteli, akasema, na zikirudi zinabeba watoto wetu. Wa kukata miwa Amerika. Wa kuwa wauguzi Uingereza. "Wageni wanapitia chini. Sisi tunapitia hapa juu. Ndani kule hatuingii. Kuna nini cha kufanya ndani? Ndani huwezi kupunga."

Kisha akanieleza desturi yao. Kila nyumba ina kitambaa chake na rangi yake. Anayeondoka anaonyeshwa usiku wa mwisho nyumbani, ili akiwa kwenye kidirisha akitafute. Kengele ikilia wote wanasimama, wanafungua vitambaa, na hakuna anayeteremsha mkono mpaka ndege iishe machoni. Na asiye na mtu wa kumpungia?

"Hakuna asiye na mtu," Misi Meri akasema. "Tuko hapa kwa sababu gani?"

Halafu akacheka, akaelekeza kidevu kwenye kona. "Isipokuwa yule pale, anatuvunja mbavu. Siku ya tano hii. Anazipungia hata zinazokuja! Mama!" akaita. "Hiyo ya asubuhi ilikuwa ya mizigo tu! Ulimpungia nani, magunia?"

"Magunia nayo yana mwenyewe," mtu wa kona akajibu bila kugeuka.

Alikuwa mama mzee mwembamba, viatu mkononi, ameegemea kizuizi. Na shingoni, kimefifia kama ua lililokaa ndani ya Biblia, alikuwa amejifunga kitambaa cha manjano.

Nikajua. Sikuhitaji kuuliza jina. Kidevu kilikuwa cha Bibi. Alikuwa ameshuka kabla ya mvua kukata barabara nyuma yake, siku ile ile aliyoahidi. Sisi tulipotua, jua lilikuwa linazama na roshani imekwisha kufungwa. Tangu siku ile, yeye alikuwa juu akingoja kwa namna ya watu wake, na dada yake chini akingoja kwa namna ya karatasi. Kati yao palikuwa na sakafu moja ya mbao.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hili ndilo nililoketi kuandika. Sikumwita.

Nilinunua samaki. Nikasimama nyuma yake hatua tatu, nikala, na samaki alikuwa mtamu, nami nikawaza: nikishuka ngazi hii taratibu, nimshike Bibi mkono, wiki ijayo tuko Kabiria. Hakuna atakayejua. Bibi mwenyewe hataona. Nilisimama pale muda mrefu, rafiki zangu. Samaki aliisha, nikaendelea kulamba karatasi ili nisiwe bure. Mara mbili nilishika mwimo wa ngazi niteremke.

Ndipo kengele ikalia. Nga, nga, nga. Na ile moja ya mwisho.

Ilikuwa ya kuwaita abiria wa ndege ya Uingereza. Roshani nzima ikasimama. Nyekundu, buluu, nyeupe, mashuka, mitandio, vyote vikafunguka. Na yule mzee wa kona akavua kitambaa chake shingoni, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kuipungia ndege ile tupu iliyosimama uwanjani na ngazi yake. Alipunga kwa nguvu, kwa furaha, kama mtu anayepokea.

Ndege ile ilikuwa yetu. Alikuwa karibu kumpungia dada yake akiondoka, na asingejua.

Karatasi ikaniponyoka. "Misi Aivi," nikasema. Nikamshika kiwiko. "Misi Aivi. Koni. Koni yuko chini."

Akanitazama kwanza bila kuelewa. Halafu akashuka ngazi ile mbele yangu, viatu mkononi, nami na miaka yangu kumi na tisa sikuweza kumfikia.

Saa kumi

Mlangoni akasita. Miguu mitupu, sakafu inang'aa. Nikamsukuma kidogo mgongoni.

Bibi akainua kidevu. "Ni nani, Nafula?"

Akaona mwenyewe ile rangi, nadhani, kwa sababu mikono yake ilianza kutafuta hewani. Aivi akapiga magoti mbele ya benchi. Bibi akamshika uso, akausogeza karibu kabisa, pua kwa pua, akautazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, kila mkunjo, kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi. Mwishowe Bibi akasema jambo kwa lugha yao, na Aivi akacheka na kulia pamoja. Nikauliza amesema nini.

"Nimemwambia amezeeka vibaya," Bibi akanijibu kwa Kiswahili.

"Ulikuwa wapi siku zote?" Aivi akauliza.

"Hapa. Wewe?"

Aivi akaonyesha dari.

Kengele ya pili ilikuwa karibu. Bibi akaniambia nitoe mkasi kwenye kikapu cha kushonea. Akakunjua doti, akapapasa mahali ambapo leso mbili hukutana, akakata bila kupinda hata uzi mmoja. Moja akamvika Aivi begani. Nilidhani ya pili ataivaa yeye. Akaikunja mara nne, akaniwekea mkononi.

"Bibi, hii si ni yako?"

"Yangu nakupa. Mimi nitaona ya Aivi. Sasa sikia: tutapanda juu, sisi wawili. Wewe ukikaa ndani ya ndege, tafuta manjano."

Nilitaka kumwambia lile la samaki. Lakini wale wa sare walikuwa wananiita, na uso wa Bibi ulikuwa umetulia namna ambayo sikuwahi kuiona Kabiria. Nikambusu mkono, nikaondoka.

Kurudi

Nilipanda nikapewa kiti. Kilikuwa upande wa bahari.

Nikasimama kuvuka upande wa pili. Dada wa ndege akanikalisha, akanifunga mkanda. Nikajinyoosha juu ya mapaja ya Mzungu mmoja. Nikaona bawa, kona ya nyumba nyeupe, mikono, rangi nyingi kama mbegu zilizomwagika. Ya manjano sikuiona. Ndege ikageuka, ikakimbia, na kidirishani kwangu kukawa na maji tu.

Najua walikuwepo. Najua hawakuteremsha mikono mpaka nilipokwisha machoni mwa Aivi, na kwamba Bibi, ambaye nilikwisha machoni mwake nikiwa bado chini, ndiye aliyechelewa zaidi kuuteremsha wake. Lakini kuona sikuona.

Bermuda nilimtafuta yule mama wa uso wa Rispa nimrudishie salamu. Siku hiyo hakuwa kazini. London kulinyesha. Khartoum nilikunywa chai yangu nikajikuta nimepuliza kikombe cha pili, cha mtu asiyekuwepo.

Kabiria

Nyumba niliikuta kama tulivyoiacha. Majirani waliniletea viazi na maziwa, nanyi mkaja mkaimba, nami niliwachekesha kwa hadithi ya jibini. Mlipoondoka niliketi kitandani kwangu nikitazama kile kingine.

Ndege ya Entebe hupita juu yetu Jumamosi alasiri, mnajua, ile inayotisha kuku. Zamani tuliisikia tukiendelea kushona. Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani napika chai. Nikaisikia kutoka mbali, upande wa mjini. Nikaacha birika jikoni, nikachukua leso yangu sandukuni, nikatoka hadi mwisho wa shamba la viazi vitamu, pasipo na miti. Nikaikunjua. Upande uliokatwa bado sikuupinda, nyuzi zinaning'inia.

Sikumjua hata mmoja aliyekuwa mle ndani. Nikainua mikono yote miwili nikapunga. Nikapunga ilipokuwa juu yangu, nikapunga ilipopita Dagoretti, nikapunga ilipokuwa kama nzi, mpaka ikaisha machoni. Halafu nikaendelea kidogo.